Sitini kwa Siku

Kibanda changu ki nyuma ya soko la zamani, Malindi:
meza, taa ya shingo ndefu, kikombe cha skrubu.
Mtu akiniwekea simu mezani kabla hajasalimu
nishajua amekula nini.

Yule kijana wa majumba ya Kasuarina
huja na kioo chenye ufa mwembamba kama unywele,
huuliza mpya ni pesa ngapi
na huondoka kabla sijajibu.
Mwalimu Baishi huja tarehe mbili, tatu,
hajawahi kuja tarehe ishirini.
Chengo wa mkokoteni ana mulika mwizi
ameifunga kwa mpira wa baiskeli, mwaka wa tisa huu.
Kila nikimwambia, "Mzee, hii imekufa,"
hunijibu, "Basi ifufue, nina mia."

Sijaona bado mtu anayechagua simu.
Mfuko huchagua, mtu hubeba.

Sasa Nyevu.
Nyevu wa Gongoni, wa mashamba ya chumvi,
vidole vimechanika hata kioo hakimtambui.
Mia nne kwa siku, siku ikiwa ya jua.
Msimamizi alianza kuita vibarua kwenye kundi la simu,
saa nne usiku: *kesho nataka kumi na wawili.*
Asiye na simu ya kupangusa alipata habari asubuhi
kwa kuona mgongo wa lori.

Akaja. Nikamuuzia.
Naam, mimi. Kampuni ilinipa fulana na bango
na mia tatu kwa kila kichwa.
Amana elfu mbili na mia tano,
halafu sitini kila siku, mwaka mzima.
"Sitini ni nini, mama?" nilimwambia. "Si chai na mahamri tu?"
Sikumwambia kwamba taslimu, duka la pili kutoka hapa,
simu hiyo hiyo ni elfu kumi na moja.

Binti yake Dama, darasa la saba, ndiye aliyepiga hesabu
nyuma ya karatasi ya dhamana.
Akaniletea, kalamu ya risasi, jibu limepigiwa mistari miwili:
elfu ishirini na nne na mia nne.
Akaniuliza kama amekosea.
Nikaitazama muda mrefu, kama ninayetafuta kosa.

Mwezi wa tano mvua ilipiga siku kumi na moja.
Siku ya pili simu ikajifunga.
Haikuzima; kuzima kuna heshima yake.
Ilibaki inawaka, imeandika jina la kampuni
na deni, kwa kijani kizuri cha majani ya mpunga.
Siku ya kumi na mbili jua likatoka,
saa nne usiku watu wakaitwa,
na simu ya Nyevu ilikuwa chini ya mto
imefumba mdomo, wito umo ndani.

Hakulia. Hakunilaumu.
"Fungua," akasema. "Wewe si fundi?"
Njia ya kuifungua naijua. Mafundi wote wa mtaa huu wanaijua.
Fulana ya kampuni ilining'inia msumarini nyuma yangu.

Redio ya muuza mitumba ilikuwa kwenye habari za biashara:
faida imepanda robo nzima,
wateja wa kipato cha chini wamethibitika kuwa walipaji wazuri,
mkurugenzi anawashukuru.
Nyevu aliinua kichwa.
"Anatushukuru?"
Nikaanza kutafuta bisibisi, nayo ilikuwa mkononi.

Mwishowe alinunua betri ya ile kabambe yake ya zamani,
mia mbili na hamsini; alitoa mia,
zilizobaki Jumamosi, Mungu akipenda na jua likipenda.
Akaipachika. Akaiwasha tochi.
Ikaangaza kikombe cha skrubu, ikapanda ukutani,
ikakaa kidogo juu ya fulana,
kisha ikanijia usoni.

Nikafumba macho.

"Samahani," akasema, "nilikuwa naijaribu tu."